Mama Mkubwa wa Mto Yukon

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie habari za samoni, samaki wa mito ya baridi. Huko Alaska, Marekani, yuko mmoja anayewashinda wenzake wote kwa ukubwa. Watu humwita samoni mfalme. Huanguliwa mtoni, akateremka baharini, akala na kunenepa miaka kadhaa. Wakati wake ukifika, hurudi kwenye mto aliozaliwa. Katika mto Yukon wengine hupanda dhidi ya mkondo karibu kilomita 3,000 hadi Kanada, na njia nzima hawali kitu! Huishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini.

Sasa mtazameni mama akishafika. Hulala ubavu, akapigapiga mkia juu ya changarawe mpaka shimo litokee. Hutaga humo, dume akayarutubisha mayai, kisha mama akayafukia. Mama mkubwa ana mayai mengi. Wengine hupita 10,000. Mkia wake una nguvu, kwa hiyo shimo lake huenda chini zaidi, na mafuriko yakija kuzoa changarawe, mayai yake huwa na nafasi nzuri ya kusalimika. Hata yai lenyewe kwa kawaida huwa kubwa zaidi. Kiini chake ni masurufu ya kifaranga, maana kifaranga hujificha chini ya mawe kwa wiki nyingi na hana chakula kingine. Akitoka humo na mwili mkubwa, huogelea vizuri, wala si rahisi kumezwa.

Mama mwenyewe hufa baada ya kutaga. Nafasi ya kutaga huipata mara moja tu maishani, na ndiyo maana linaniuma hili: samoni hao wanazidi kuwa wadogo. Wanasayansi walilinganisha samaki wa Alaska wa kabla ya 1990 na wa baada ya 2010, wakaona samoni mfalme amepungua urefu kwa asilimia 8. Mnaona ni kidogo? Walikadiria kwamba mayai ya kila mama yamepungua kwa asilimia 16! Wengi siku hizi hurudi mtoni wakiwa na umri mdogo, hawajamaliza kukua. Basi mkisikia mto una samaki wengi, ulizeni pia wana ukubwa gani.

Ili kuwanusuru samoni hao, mwaka 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha kwa miaka 7 uvuvi wa samoni mfalme wa Yukon wanaokwenda kutaga Kanada. Ni uamuzi mzito kwa familia zilizowategemea samaki hao vizazi na vizazi, lakini ni uamuzi wa haki.