NISHANI YA KAGERA NA SIKU TATU ZA TORORO

Wahenga walinena: mcheza kwao hutuzwa. Lakini tuzo yaweza kuchelewa, hata ikamkuta mchezaji amekwisha kulala kaburini.

Msafiri avukaye mpaka wa Kenya na Uganda pale Malaba, kaskazini ya Busia, hulakiwa na jabali la Tororo lingali mbali. Karibu na jabali hilo, tarehe 2 Machi 1979, damu ilimwagika. Siku chache kabla, majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliotoka uhamishoni yalikuwa yamekwisha kutwaa Masaka na Mbarara. Upande wa mashariki, wapiganaji wa Kiganda waliomuunga mkono Milton Obote walitokea Kenya, wakaivamia kambi ya Tororo ili wapate silaha. Kambi ilianguka, na baadhi ya askari wake wakaasi na kujiunga nao.

Furaha hiyo haikudumu. Majeshi ya Idi Amin yalirudi kwa nguvu, yakisaidiwa na ndege za kivita. Ilipofika tarehe 4 Machi, wavamizi walikuwa wamevunjwa kabisa. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili mwaka huo huo, lakini waliofia Tororo hawakuiona siku hiyo.

Je, aliyeshindwa astahili nishani? Sheria ya Uganda imekwisha kujibu. Chini ya Sheria ya Nishani na Tuzo za Taifa ya mwaka 2001, ipo Nishani ya Kagera kwa waliopigana dhidi ya utawala wa Amin kati ya 1971 na 1979. Kipimo chake ni kupigana, wala si kushinda kila pambano. Na hiyo ndiyo haki, kwani askari hachagui mwisho wa vita. Huchagua tu kusimama ama kukimbia.

Hata hivyo, nishani haivikwi mtu asiyejulikana. Waliovuka mpaka kwa siri hawakuacha orodha mezani kwa karani. Shahidi akifa, ushujaa wa mwenziwe huzikwa pamoja naye, na mjane hukosa hata kipande cha shaba cha kuwaonyesha wajukuu.

Basi, ndugu askari, nawe ndugu polisi, kila utokapo vitani au kwenye doria, andika jina la mwenzio, mahali na tarehe. Kamanda aliyeandika vyema amekwisha kumvika askari wake nusu ya nishani.