Je, Wajua? Mazoezi ya Marathoni Hayafiki Kilomita 42

Anayejiandaa kwa marathoni yake ya kwanza kwa kawaida hazikimbii kilomita zote 42.195 kabla ya siku yenyewe. Programu nyingi humfikisha 30 au 32, basi. Zaidi ya hapo mwili huumia kuliko unavyonufaika.

Akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini huelekea kuisha karibu na kilomita ya 30, na miguu huwa mizito kama magogo. Dawa yake ni kuanza taratibu, na kula wali, ugali au viazi vya kutosha siku mbili tatu kabla. Wiki mbili tatu za mwisho mazoezi hupunguzwa. Hapo ndipo wageni wengi hushindwa kujizuia.

Na maji? Yakizidi ni hatari, kwani huzimua chumvi ya damu. Kwenye Boston Marathon ya 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza: asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu. Kunywa ukisikia kiu. Siku ya mbio, jipake mafuta mapajani na kwapani ngozi isichubuke, na viatu vipya viache nyumbani.