Pektini na Manufaa Yake katika Tiba

Jemu ya mapera huganda inapopoa kwa sababu ya pektini, kabohaidreti inayoshikamanisha seli za mimea. Mkemia Mfaransa Henri Braconnot aliichunguza na kuipa jina mwaka 1825. Viwandani hupatikana hasa katika maganda ya machungwa na malimau, na katika machicha ya matofaa.

Molekuli ya pektini ni mnyororo mrefu wa asidi ya galakturoni. Vimeng'enya vya mwanadamu haviwezi kuukata. Kwa hiyo pektini hupita katika utumbo mwembamba bila kusagwa. Humo hufyonza maji na kuwa kama uji mzito, ambao hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Aidha, hunasa asidi za nyongo na kutoka nazo pamoja na choo. Ini hulazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyongo nyingine, na hivyo kolesteroli katika damu hushuka kidogo.

Katika utumbo mpana, bakteria huichachusha pektini na kutoa asidi fupi za mafuta. Asidi hizo hulisha seli za utumbo na kuusaidia kufyonza chumvi na maji. Kwa sababu hiyo pektini ina faida kwa mwenye kuhara. Huko Dhaka, Bangladeshi, jaribio lililotangazwa mwaka 2001 lilihusu watoto wachanga 62 waliokuwa wameharisha kwa muda mrefu. Wote walipewa chakula cha mchele. Baadhi waliongezewa ndizi mbichi zilizopikwa, na wengine pektini. Kufikia siku ya tatu, zaidi ya nusu ya watoto wa makundi hayo mawili walikuwa wamepona, hali waliokula mchele mtupu wengi wao walikuwa bado wanaharisha. Hata hivyo, pektini haishiki nafasi ya maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, kwani upungufu wa maji mwilini ndio unaoua.

Pektini ikitiwa alkali na kupashwa moto, mnyororo wake hukatika vipande vifupi. Vipande hivyo huweza kushika galektini-3, protini inayozisaidia seli za saratani kushikamana na kuenea. Mwaka 1995 ilitangazwa kwamba panya walionyweshwa pektini hiyo walipungukiwa na kuenea kwa saratani ya tezi dume. Kwa binadamu, majaribio ni machache na madogo. Basi haifai kuitwa dawa ya saratani, wala mgonjwa asiache matibabu yake kwa ajili yake.