Kabla ya Mazoezi: Tujinyooshe au Tupashe Mwili Moto?

Mwaka juzi mwezi wa Mei, katika sherehe moja ya parokia, akina baba walicheza mpira dhidi ya vijana. Baba mmoja wa miaka arobaini na ushei alikaa benchi kipindi chote cha kwanza, akala pilau, akanywa soda, kisha akaitwa aingie. Alipoukimbilia mpira wake wa kwanza tu, akaanguka. Akageuka kumtafuta mtu aliyempiga teke la kisigino, lakini nyuma yake hapakuwa na mtu. Jioni waliponiletea hospitali nilimlaza kifudifudi, nikaminya kigimbi chake, na wayo haukutikisika. Kano ile nene ya kisigino ilikuwa imekatika. Akafungwa plasta, na uwele wake uliokuwa umeiva shambani ukavunwa na mama na watoto peke yao. Sehemu nyingine iliishia midomoni mwa ndege.

Siwezi kuapa kwamba angepasha mwili moto kano ile isingekatika. Lakini mtu aliyekaa saa nzima kisha akakimbia kwa nguvu zote ameuweka mwili wake katika hatari ambayo si ya lazima. Wiki ile ile vijana wa timu waliniuliza: “Sista, tujinyooshe kwanza au tukimbie kwanza?” Swali lao ni zuri, kwa sababu watu wengi hudhani mambo hayo mawili ni kitu kimoja.

Kujinyoosha ni kuuvuta msuli na kuushikilia hapo, kama mtu anayeinama kugusa vidole vya miguu na kubaki hivyo. Kupasha mwili moto ni kuanza kazi ile ile utakayoifanya, ila polepole: kutembea haraka, kukimbia taratibu, kuzungusha mikono, kuinua magoti. Msuli uliopumzika hupata damu kidogo. Mtu anapoanza kutembea, moyo huongeza mapigo, mishipa ya damu ndani ya misuli hupanuka, na joto la msuli hupanda. Msuli wenye joto hukaza na kulegea upesi, tena huvutika zaidi kabla ya kuchanika. Ule ute ulioko ndani ya viungo nao huwa mwepesi, na magoti huacha kulalamika.

Sisi tuliosoma shule za msingi zamani tulikuwa na mchakamchaka. Tuliuchukia, hasa asubuhi za baridi, lakini ulikuwa kipimo kizuri kabisa: tulikimbia huku tukiimba. Ukiweza kuimba au kuzungumza bila kuhema sana, huo ndio mwendo wa kupasha mwili. Ukishindwa kuimba, umekwisha kuvuka na kuingia kwenye mazoezi yenyewe.

Je, kujinyoosha kunazuia kuumia? Mwaka 2000 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa askari wapya 1,538 huko Australia. Wote walipasha mwili moto kabla ya mazoezi, lakini nusu yao walijinyoosha misuli ya miguu pia. Baada ya majuma 12, walioumia katika makundi hayo mawili hawakutofautiana kwa kiasi cha maana. Uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba ukiushikilia msuli mmoja kwa zaidi ya dakika nzima, nguvu yake hupungua kidogo kwa muda. Kwa mchezaji anayetaka kuruka au kukimbia mbio fupi, hiyo si faida.

Maandalizi ya kutembeza mwili yana ushahidi mzuri zaidi. Shirika la mpira la FIFA lina utaratibu wake wa dakika 20 hivi: kukimbia taratibu, kisha mazoezi ya kuimarisha misuli, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, halafu kukimbia tena. Hapa hapa Afrika, mjini Lagos, utaratibu huo ulijaribiwa kwa wachezaji vijana 416, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Hauhitaji vifaa vya kununua zaidi ya mpira. Unahitaji kocha asiyekuwa na haraka, na huyo mara nyingine ni mgumu kupatikana kuliko mpira.

Tangu Alphonce Simbu, kijana wa Singida, aliposhinda mbio ndefu za dunia kule Tokyo mwezi wa Septemba 2025, akimzidi mwenzake wa Ujerumani kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, naona vijana wengi zaidi barabarani alfajiri. Nafurahi. Lakini alfajiri ya Juni na Julai katika nyanda zetu ina baridi na upepo. Anzeni kwa kutembea dakika tano, mkimbie taratibu dakika nyingine kumi, na sweta isivuliwe mpaka jasho lianze. Mwenye umri mkubwa aongeze muda huo. Anayependa kujinyoosha ajinyooshe baada ya mwili kupata moto, sekunde 15 au 20 kwa kila msuli, bila kurukaruka na bila kujilazimisha mpaka maumivu. Au asubiri mwisho wa mazoezi. Kujinyoosha mara kwa mara kwa majuma mengi hulainisha mwili, ila asitegemee kwamba kesho yake hataumwa misuli.

Akina mama, jembe nalo ni zoezi, tena zito kuliko mpira. Anayetembea nusu saa kwenda shamba amekwisha kupasha mwili bila kujua. Ninayemhofia ni yule anayeshuka kwenye bodaboda na kuanza kulima papo hapo kwa nguvu zote, au kuinua gunia. Atembee kwanza kuzunguka shamba, na tuta la kwanza alime polepole.

Ikitokea mtu ameteguka au msuli umechanika, tafadhali msimkande kwa maji ya moto wala kumchua siku mbili za mwanzo, kwani damu huvuja zaidi ndani na uvimbe huongezeka. Nimeona vifundo vilivyovimba kama mbuyu kwa sababu ya huruma ya majirani. Tumieni kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungi, dakika 15 hivi, mrudie baada ya saa mbili. Mfungeni bandeji isiyobana sana, na mguu uinuliwe juu ya mto. Akishindwa kabisa kuukanyagia, au akisema alisikia kitu kikikatika, aletwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na akina baba mnaocheza mpira mara moja kwa mwaka, mwenye presha, kisukari, au anayebanwa kifua akipanda mlima, aje kwanza kliniki apimwe. Jasho la baridi na maumivu ya kifua yanayokwenda mkono wa kushoto au taya si ya misuli. Mchezo usimame hapo hapo, mgonjwa aketi, na usafiri utafutwe mara moja.