Kompyuta ya Linux Ikikataa Kuzimika: Soma Skrini Kabla ya Kung'oa Waya

Ni saa 12 jioni katika kituo cha biashara cha Longonot. Mwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala amemaliza kazi ya siku, ameamuru kompyuta izimike, na sasa anangoja. Skrini imekuwa nyeusi, lakini feni bado inavuma na taa ya mbele inawaka. Nje, matatu ya kwenda Naivasha inapiga honi. Wengi wakifika hapo huinama chini ya meza na kung'oa waya.

Haraka hiyo inaweza kuleta hasara. Kompyuta ikikatiwa umeme wakati bado inaandika kwenye diski, faili iliyokuwa ikihifadhiwa inaweza kuharibika: alama za wanafunzi, hesabu za chama, au barua ya mteja atakayeifuata asubuhi. Wakati mwingine mfumo mzima hukataa kuwaka siku inayofuata. Habari njema ni kwamba kompyuta yenyewe, mara nyingi, huonyesha imekwama wapi. Mkazi akijua kusoma dalili hizo, atajua ni wakati gani kuikatia umeme ni hatari na ni wakati gani hakuna madhara.

Kwa nini Linux?

Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, ingawa bado zina nguvu ya kufanya kazi. Baadhi ya wenye mashine hizo wamegeukia Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland. Linux hupatikana bila malipo kwa sura mbalimbali, zikiwemo Ubuntu, Linux Mint na Debian.

Mfumo huu hufanya kazi vizuri kwenye mashine kuukuu. Hata hivyo, tatizo la kutozimika hujitokeza mara kwa mara, hasa pale mashine ilipotengenezwa na kujaribiwa kwa ajili ya Windows.

Hatua 3 za kuzimika

Kuzima kompyuta si sawa na kuzima balbu. Kuna hatua 3 zinazofuatana.

Kwanza, mfumo huziambia programu zote zifunge kazi zake. Inayokawia hupewa muda, na muda ukiisha husimamishwa kwa nguvu.

Pili, data iliyokuwa ingali kwenye kumbukumbu ya muda huandikwa kwenye diski, kisha diski hufungwa ili kisiandikwe kitu kingine.

Tatu, kiini cha mfumo huiomba mashine yenyewe ikate umeme. Ombi hilo hupitia utaratibu uitwao ACPI, uliotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1996, na hushughulikiwa kwa msaada wa BIOS, yaani programu ndogo iliyo ndani ya ubao mkuu wa kompyuta. Kabla ya utaratibu wa aina hii kuenea, kompyuta nyingi za mezani zilimwambia mtumiaji kwamba sasa ni salama kuzima, naye akabonyeza swichi kwa mkono.

Hatari ya kupoteza kazi iko katika hatua ya kwanza na ya pili. Mashine ikikwama katika hatua ya tatu, data tayari imehifadhiwa.

Skrini inaonyesha nini?

Ikiwa skrini inaonyesha nembo tu, bonyeza kitufe cha Esc. Mara nyingi maandishi yaliyofichwa nyuma ya nembo hutokea. Kisha linganisha na hali hizi.

*Maandishi "A stop job is running" na saa inayohesabu.* Maana yake ni kwamba kuna programu ambayo haijakubali kufungwa. Ngoja. Kwa kawaida mfumo huipa sekunde 90 kabla ya kuisimamisha kwa nguvu. Andika kwenye karatasi jina la programu linaloonekana mwishoni mwa mstari huo, au upige picha kwa simu. Chanzo cha kawaida ni folda ya mtandao ambayo mtandao wake umepotea, au flashi diski ambayo kazi ya kunakili haijakamilika. Usiing'oe flashi hiyo wakati taa yake inapepesa.

*Mstari wa mwisho ni "Power down" au "Reached target" ukifuatwa na neno la kuzima, na hakuna kinachoendelea.* Hapa mfumo umemaliza kazi yake lakini mashine haikukata umeme. Ngoja dakika 2, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 5 hadi 10 mpaka taa izimike.

*Kompyuta inazimika, kisha inawaka tena yenyewe.* Kuna kitu kinachoiamsha. Chomoa waya wa mtandao, printa na vifaa vyote vya USB isipokuwa kibodi, kisha uizime tena. Ikitulia, rudisha kifaa kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Kompyuta nyingi zina uwezo wa kuamshwa kupitia waya wa mtandao, na uwezo huo unaweza kuondolewa katika mipangilio ya BIOS.

*Ni kipakatalishi, na taa inapepesa polepole.* Huenda hakijaambiwa kizimike. Kufunga kifuniko kwa kawaida hukilaza tu, na betri huendelea kutumika. Kifungue na uchague kuzima kutoka kwenye menyu.

Ikiwa imeganda kabisa

Kuna wakati skrini huganda na kipanya hakisogei. Kwenye Ubuntu, na mifumo iliyojengwa juu yake kama Linux Mint, bado kuna njia ya kuokoa kazi kabla ya kukata umeme:

1. Shikilia kitufe cha Alt pamoja na kile kilichoandikwa PrtSc au SysRq. Kwenye baadhi ya vipakatalishi ni lazima kushikilia Fn pia.
2. Ukiwa bado umevishikilia, bonyeza S. Hii huamuru data iandikwe kwenye diski. Ngoja sekunde chache.
3. Bonyeza U. Diski inafungwa ili isiandikwe tena. Ngoja sekunde chache.
4. Bonyeza O. Kompyuta inaamriwa kuzimika.

Mashine isipozimika baada ya O, shikilia kitufe cha kuwasha. Kung'oa waya ukutani kuwe hatua ya mwisho kabisa.

Kuzuia tatizo lisirudi

Tatizo likitokea mara moja, si lazima liwe na uzito. Likirudi kila jioni, linahitaji kutafutiwa chanzo.

Anza na masasisho, kwa sababu kasoro nyingi za kuzimika hurekebishwa katika matoleo mapya ya kiini cha mfumo. Kwenye Ubuntu, Mint na Debian, fungua terminali na uandike `sudo apt update`, kisha `sudo apt upgrade`. Utaombwa nywila.

Kama tatizo lilianza mara tu baada ya sasisho, fanya kinyume. Wakati kompyuta inawaka, fungua menyu ya kuanzia na uchague "Advanced options", kisha toleo la awali la kiini. Ikizimika vizuri ukitumia toleo hilo, umepata chanzo, na unaweza kuendelea kulitumia hadi marekebisho yatolewe.

Ili kusoma kumbukumbu za jana jioni, andika `journalctl -b -1 -e`. Amri hii huonyesha yaliyotokea mara ya mwisho kompyuta ilipotumika, na hukupeleka moja kwa moja mwishoni. Tafuta mstari wenye maneno "timed out". Karibu nayo ndipo lilipo jina la programu iliyokataa kufungwa. Bonyeza q ili kutoka.

Kusasisha BIOS pia husaidia mashine zinazokwama katika hatua ya tatu, lakini kazi hiyo isifanywe wakati stima haitabiriki. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, ubao mkuu unaweza kuharibika kabisa. Ni vyema kumwachia fundi.

Gharama ya kuiacha ikiwaka

Wapo wanaoamua kuiacha kompyuta hivyo hivyo hadi asubuhi. Hilo nalo lina bei. Chukua mfano wa kompyuta ya mezani inayotumia wati 60 bila kufanya kazi yoyote. Ikiachwa kutoka saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi, yaani saa 14, itatumia yuniti 0.84 za umeme. Kwa siku 30 ni zaidi ya yuniti 25, zinazotoka kwenye tokeni za mwenye duka bila kazi yoyote kufanyika.

Kipakatalishi kilichotiwa kwenye mkoba kikiwa bado kinawaka hupata joto kali, jambo linaloharibu betri. Aidha, kompyuta iliyoachwa wazi usiku ikiwa na nakala za vitambulisho vya wateja huhatarisha taarifa ambazo mwenye duka ana wajibu wa kuzilinda chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Wakazi wanashauriwa kufanya mambo 3. Kwanza, nakili faili muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Pili, beba picha ya maandishi yaliyoonekana kwenye skrini. Tatu, mweleze fundi tatizo lilianza lini na nini kilibadilika siku hiyo: sasisho, printa mpya, au kukatika kwa stima. Fundi mwenye maelezo hayo hatalazimika kubahatisha, wala hatakuwa na sababu ya kufuta diski yote na kuanza upya, kazi ambayo mara nyingi huondoka na faili za miaka mingi.

Na jioni ile matatu inapopiga honi, anza kuzima kompyuta dakika 5 mapema. Muda huo unatosha kwa mfumo kufunga kazi zake, na kwa macho kusoma inachosema skrini ikiwa itakwama.