Meinswichi Mpya Katika Nyumba ya Zamani

Katika mitaa ya zamani ya Arusha, na katika nyumba za mashamba ya kahawa upande wa Tengeru na Usa River, si ajabu kukuta meinswichi ya fyuzi za waya: sanduku la chuma lenye vishikio vya kauri, ambavyo fundi huvitia waya mpya kila ule wa zamani unapoungua. Mwenye nyumba anapoamua kuweka meinswichi ya kisasa, yenye breka pamoja na vyombo viwili vya kukata umeme unaovuja, kila kimoja kikilinda nusu ya nyumba, hutarajia utulivu. Pengine hupata kinyume chake. Taa ya chumba cha nje ikiwashwa tu, nusu ya nyumba inakuwa giza. Fundi asiye na subira husema chombo ni kibovu, akakiondoa, na umeme ukarudi. Kumbe chombo kilikuwa kikisema kweli.

Kanuni ya chombo hicho ni nyepesi. Mkondo wa umeme uendao kwa waya moto hauna budi kulingana na ule urudio kwa nyutro. Nyaya hizo mbili hupita pamoja ndani ya duara la chuma. Mikondo ikilingana, nguvu zao za sumaku hufutana. Ikitofautiana kwa miliampea 30, koili ndogo hufyatua swichi kwa muda usiozidi theluthi moja ya sekunde.

Sasa turudi kwenye chumba cha nje. Aliyekiongeza zamani alichukua waya moto kutoka saketi ya soketi za jikoni, na nyutro kutoka saketi ya taa za sebule, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Fyuzi haikujali. Lakini balbu ya wati 60 katika volti 230 huvuta miliampea 260 hivi. Mkondo huo hutoka kupitia chombo kimoja na kurudi kupitia kingine, na tofauti hiyo ni zaidi ya mara nane ya kiasi kinachotosha kufyatua. Hatari yenyewe ilikuwako tangu mwanzo. Fundi azimaye taa za sebule na kufungua kiungo cha nyutro hudhani waya hauna umeme, kumbe kupitia balbu ile ya nje ncha aliyoishika ina volti 230.

Jambo la pili ni saketi ya pete, ambayo tuliirithi kwa Waingereza pamoja na plagi ya miguu ya mraba, iliyowekewa kanuni zake mwaka 1947. Waya wa milimita mraba 2.5 huzunguka soketi zote na kurudi ulikoanzia, hivyo mzigo hugawanyika njia mbili. Pete ikikatika mahali, soketi zote huendelea kufanya kazi kama kawaida, ila sasa mkono mmoja unaweza kubebeshwa mzigo wote. Breka ya ampea 32 haioni kosa lolote, na waya huchemka ndani ya ukuta. Kipimo chake ni rahisi: umeme ukiwa umezimwa, ncha mbili za pete hupimwa ukinzani. Mita 50 za waya huo wa shaba zina omu 0.37 hivi; mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, pete imekatika.

La tatu, nami naliona kubwa kuliko yote, ni ardhi. Ng'ambo nilikosoma, waya wa ardhi mara nyingi huletwa na kampuni ya umeme. Kwetu, nyumba nyingi hutegemea eathi rodi yao wenyewe, au bomba la maji la chuma ambalo huenda limekwisha kubadilishwa kuwa la plastiki bila mtu kuukumbuka umeme. Miteremko ya Meru ina majivu na mawe mepesi ya volkano, na udongo wake ukikauka baada ya masika hupitisha umeme kwa shida. Tuseme rodi ina ukinzani wa omu 50. Waya moto ukigusa bati la jiko, mkondo utakuwa 230 gawanya kwa 50, yaani ampea 4.6. Fyuzi ya ampea 30 haitaungua kamwe. Bati litabaki na takriban volti 230, na LUKU itakula uniti moja kila saa. Chombo cha miliampea 30 kingekata mara moja. Hata rodi ingekuwa na omu 500, bati lisingeweza kubaki na zaidi ya volti 15 bila umeme kukatwa.

Kwa hiyo vipimo hufanywa kabla sanduku la zamani halijang'olewa, na fundi mwenye leseni ya EWURA, na rodi hupimwa wakati wa kiangazi.

Mwalimu anaweza kuonyesha habari ya nyutro ya kuazima kwa betri za tochi, balbu mbili na ameta mbili, moja kwenye waya wa kwenda wa balbu ya kwanza, nyingine kwenye waya wake wa kurudi. Zikisoma sawa, balbu hiyo ihamishiwe kwenye waya wa kurudi wa balbu ya pili. Ameta ya kwanza itabaki vilevile, na ya pili itasoma sifuri, ingawa balbu zote zinawaka.