Kumlea Mbwa Atakayekwenda kwa Mwingine

Wajukuu zangu wa Buhembe, mbwa mnamjua: analala kibarazani, na mtu akikatiza migombani usiku anabweka mtaa mzima uamke. Leo nawapa habari za mbwa mwenye kazi nyingine kabisa, ya kumwongoza asiyeona.

Ukivuka mpaka pale Mutukula ukaendelea mbali kaskazini, utafika Gulu, Uganda. Huko kuna mtu anaitwa Francis Okello Oloya. Alipokuwa na miaka 12, akiwa shambani, jembe lake liligonga bomu lililoachwa na vita. Likalipuka, akapofuka. Baadaye akaenda shule ya bweni, na shida yake kubwa ikawa kwenda chooni usiku. Kuwaamsha wenzake kila mara aliona haya. Basi mbwa wa pale shuleni wakamzoea, wakawa wanamsindikiza. Hakuna aliyewatuma! Alipokua hakuusahau wema ule. Akaanzisha Gulu mradi wa kuwakutanisha mbwa wa mitaani na watu ambao vita viliwaachia majeraha moyoni. Mbwa anatibiwa, anachanjwa, kisha yeye na mlezi wake wanafundishwa pamoja.

Ila mbwa wa kumvusha asiyeona barabarani lazima aandaliwe tangu udogoni. Marekani kuna shule ya mbwa hao, The Seeing Eye, iliyoanzishwa 1929. Tangu 1942, watoto wa rika lenu wa vilabu vya vijana vya 4-H wamekuwa wakijitolea kuilelea mbwa wake. Mtoto wa mbwa huletwa akiwa na wiki kama 8, akakaa nao mwaka na zaidi. Kuongoza watamfundisha walimu. Kazi ya mlezi ni kumzoesha dunia.

Tuseme angelelewa hapa Buhembe. Unamfunga kamba, mnatoka polepole. Bodaboda inapita kwa kishindo. Anajikunyata, mkia kaubana miguuni. Usimburute. Chuchumaa kando yake, mwite jina, akikutazama mpe dagaa mmoja. Siku nyingine bodaboda ikipita atageuza sikio tu. Vivyo hivyo kwa mvua inayopiga bati na kwa kuku wa jirani. Na senene wakijaa chini ya taa, ajifunze kuwaacha, maana akiwarukia siku ya kazi atamwangusha mtu aliyemshika. Kila siku mshike masikio, midomo na kucha, ili asije akamng'ata daktari wa mifugo.

Fimbo wekeni mbali kabisa. Asiyeona akisema "twende" na kumbe gari linakuja, mbwa anatakiwa kugoma, asisogee hata hatua moja. Mbwa aliyekulia kwenye kipigo atatii tu kwa woga, na wote wawili watagongwa.

Sitawaficha: siku ya kumrudisha shuleni, watoto hulia. Wamelala naye nyumba moja, wamefuta mikojo yake sakafuni, na sasa anakwenda kwa mtu wasiyemjua. Lakini mafunzo yakikaribia kwisha, familia hualikwa kuja kumtazama akimwongoza mwalimu mjini, nao wanafuata kwa nyuma, mbali kidogo, asije akawatambua akasahau kazi.

Si wote wanaofuzu. Mmoja ana woga uliopitiliza, mwingine hawezi kuacha kufukuza paka. Hao hawatupwi, wa kwanza kuulizwa kama atamchukua ni yule yule aliyemlea.